Kiwanja Kwanza, Timu Baadaye

Mwezi Aprili 2004 wakazi wa Inglewood, mji ulio ubavuni mwa Los Angeles, California, walipiga kura kuikataa Walmart. Kampuni hiyo ya maduka ilitaka kujenga kwenye ekari 60 jirani na Hollywood Park, uwanja wa mbio za farasi uliokuwapo tangu 1938. Kura ile ilikusudiwa kuipa ruhusa ya kuanza ujenzi bila kupitia ukaguzi wa kawaida wa mazingira na mipango miji. Wananchi wakasema hapana, tena kwa wingi. Duka halikujengwa.

Mwanzoni mwa 2014 ikajulikana kwamba kiwanja kile kimepata mwenyewe mpya. Alikuwa Stan Kroenke, mmiliki wa St. Louis Rams, timu ya futiboli ya Marekani, ule mchezo wa mikono na kofia ngumu. Nyumbani kwa Rams wakati huo kulikuwa Missouri, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka Inglewood. Mashabiki wa St. Louis wakashtuka. Kamishna wa ligi ya NFL, Roger Goodell, akawatuliza: Kroenke ni mwendelezaji mkubwa wa ardhi, ana viwanja kila kona ya nchi, si ajabu akinunua kingine.

Goodell hakudanganya. Aliacha tu kumalizia sentensi.

Kampuni ya mtu huyu, Kroenke Sports & Entertainment, ambayo waandishi wa michezo huifupisha KSE, leo inashika Rams wa futiboli, Denver Nuggets wa kikapu, Colorado Avalanche wa magongo ya barafuni, Colorado Rapids wa soka, Colorado Mammoth wa lakrosi, na Arsenal ya London, wanaume na wanawake. Karibu kila timu inacheza kwenye uwanja ulio mikononi mwa mwenye timu. Shabiki akiitazama orodha hiyo ataona makombe. Dalali wa viwanja ataona kitu kingine, na katika makala hii nitakaa upande wa dalali.

Mtoto wa duka la mbao

Enos Stanley Kroenke alizaliwa mwaka 1947, akakulia Mora, kijiji kidogo cha Missouri ambako baba yake alikuwa na biashara ya mbao. Mtoto alifagia sakafu ya duka, na alipofika umri wa miaka kumi alikuwa anashika daftari la hesabu. Majina yake yote mawili yalitoka kwa wachezaji wa besiboli wa St. Louis Cardinals, Enos Slaughter na Stan Musial. Yaani mji wa St. Louis ulikuwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa, jambo ambalo watu wa mji huo wangekuja kulikumbuka kwa uchungu.

Mwaka 1974 alimuoa Ann Walton. Baba mkwe wake, Bud Walton, ndiye aliyeanzisha Walmart pamoja na kaka yake Sam. Wako wanaodhani hadithi ya utajiri wa Kroenke inaishia hapo, kwenye ndoa, lakini hilo ni kumpunja. Alichokifanya ni kujenga maeneo ya biashara, mengi yakiwa yamezunguka maduka ya Walmart, na hesabu yake ilikuwa rahisi kuieleza ingawa ngumu kuitekeleza. Walmart inapofungua milango, maelfu ya watu hufika kila siku kununua sabuni, mchele na nepi. Mwenye ardhi ya pembeni anapangisha vyumba kwa kinyozi, benki, duka la viatu na mgahawa. Duka kubwa linavuta watu, na majirani zake ndio wanaolipa kodi ya pango.

Sasa mahali pa duka kubwa weka timu. Utakuwa umeielewa KSE kabla hujafungua kitabu chake chochote cha hesabu.

Denver: barafu chini, kikapu juu

Jiji la kwanza ambako mtambo huo ulikusanywa wote ni Denver. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni iliyoitwa Ascent Entertainment ilikuwa inauza Nuggets, Avalanche na ukumbi mpya wa Pepsi Center uliofunguliwa Oktoba 1999. Mnunuzi wa kwanza alitoka ndani ya ukoo uleule: Bill Laurie na mkewe Nancy, ambaye ni dada wa Ann Kroenke. Waliafikiana dola milioni 400. Wanahisa wa Ascent wakaenda mahakamani, wakidai timu zinauzwa kwa bei ya kutupa, na mauzo yakavunjika. Akaja tajiri mwingine, Donald Sturm, na dola milioni 461. Jiji la Denver likataka ahadi kwamba timu zitakaa hapo miaka 25. Hawakuelewana, naye akaondoka. Julai 2000 Kroenke akafunga biashara kwa dola milioni 450, na mwaka uliofuata Avalanche wakatwaa Kombe la Stanley.

Inafaa kuutazama ukumbi huo kwa karibu, maana ndiko fedha zinakopikwa. Msimu wa kawaida wa kikapu una mechi 41 za nyumbani, na wa magongo 41. Zote zinachezwa palepale, na baina yake zinachomekwa lakrosi na matamasha ya muziki. Barafu haiyeyushwi kila zamu. Magongo yakiisha, wafanyakazi wanaifunika kwa mbao nene za kuzuia baridi, kisha wanapanga juu yake sakafu ya kikapu, kipande kwa kipande, wakifukuzana na saa. Kesho yake mtazamaji wa Nuggets anakula bisi zake hajui kwamba chini ya miguu ya wachezaji kumeganda. Ukumbi usiolala ndio unaolipa, na ili usilale ni heri timu zote mbili ziwe zako. Aliye na timu bila ukumbi anagawana tiketi, maegesho na vinywaji na mwenye nyumba. Aliye na ukumbi bila timu anaomba wapangaji.

Mwaka 2004 KSE iliongeza kiungo cha tatu, televisheni yake yenyewe, Altitude, ya kurusha mechi za timu zake. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapo: anaijua Azam, yenye timu, uwanja wa Chamazi na king'amuzi. Mwaka huohuo kampuni ilinunua Rapids, na Aprili 2007 ikaifungulia uwanja wa watu 18,000 huko Commerce City, nje kidogo ya Denver.

Televisheni hiyo ndiyo iliyoonyesha upande mchungu wa mtambo. Mwaka 2019 Altitude na Comcast, kampuni kubwa ya nyaya za televisheni jijini humo, walishindwana bei. Chaneli ikazimwa kwa wateja wa Comcast na haikurudi hadi 2025. Katikati ya giza hilo, mwaka 2023, Nuggets ya Nikola Jokić ilitwaa ubingwa wa NBA kwa mara ya kwanza katika historia yake. Shabiki wa Denver mwenye Comcast nyumbani alikuwa amekosa sehemu kubwa ya safari ya kuufikia. Mtu unaishi vituo viwili vya basi kutoka ukumbini, unasoma matokeo kwenye simu!

Mtu wa vipengele

Turudi St. Louis. Rams walihamia hapo kutoka Los Angeles mwaka 1995, na Kroenke alikuwa miongoni mwa waliowaleta, akimiliki sehemu ya timu iliyokuja kufikia asilimia 40. Zilizobaki zilikuwa za Georgia Frontiere. Mama huyo alipofariki Januari 2008, watoto wake wakaamua kuuza, na mnunuzi akapatikana, Shahid Khan, mfanyabiashara aliyezaliwa Pakistani. Lakini mkataba wa zamani ulikuwa na kipengele: Kroenke ana haki ya kununua kwanza, kwa masharti yaleyale aliyoyakubali mgeni. Mwaka 2010, muda ukiwa unakaribia kwisha, akakitumia. Khan akabaki mikono mitupu, akaenda kununua Jacksonville Jaguars, na baadaye Fulham.

Kanuni za NFL nazo zilimkataza mwenye timu ya futiboli kumiliki timu za ligi nyingine kubwa kwenye miji ya wenzake. Kroenke akahamisha Nuggets na Avalanche, kwanza kwa mwanawe Josh, baadaye kwa mkewe. Hati zilibadilika jina, mali haikutoka nyumbani. Mwaka 2018 ligi ikaifuta kanuni hiyo.

Kipengele kilichoiumiza St. Louis kilikuwa kwenye mkataba wa uwanja. Mji ulijenga Edward Jones Dome kwa fedha za umma, dola milioni 280 hivi, ili kuwavuta Rams. Katika kuwabembeleza, ulikubali sharti ambalo leo ukilisoma unashika kichwa: ifikapo 2005, na tena 2015, uwanja uwe kwenye robo ya juu kwa ubora kati ya viwanja vyote vya NFL. Usipokuwa, timu iko huru kuondoka. Nani anaweza kuahidi kwamba uwanja wake utabaki miongoni mwa bora kwa miaka ishirini, wakati kila mwaka kuna jiji linajenga mwingine mpya? Wenye uwanja walipendekeza ukarabati wa dola milioni 124. Rams wakataka kazi ya dola milioni 700 hivi. Wasuluhishi walikaa, na mwaka 2013 wakaamua kwamba Rams ndio wenye haki.

Karibu mwaka mmoja baadaye kile kiwanja cha Walmart kikanunuliwa.

Januari 2015 Kroenke alitangaza kwamba atajenga uwanja Inglewood, akishirikiana na wamiliki wa Hollywood Park, ambako mbio za farasi zilikuwa zimekoma Desemba 2013. Mwezi mmoja na nusu baadaye madiwani wa Inglewood wakauidhinisha mradi. Waliitumia orodha ya saini za wakazi, na chini ya sheria ya California hilo liliwaruhusu kuupitisha moja kwa moja, bila kura ya wananchi wala ukaguzi mrefu wa mazingira. Njia ambayo Walmart ilizibiwa kwenye sanduku la kura, uwanja ulipita bila kufika kwenye sanduku. Tarehe 12 Januari 2016, wamiliki wa timu za NFL waliokutana Houston waliruhusu Rams kuhama, kura 30 kwa 2. Katika barua ya kuomba ruhusa, timu ilikuwa imeandika kwamba St. Louis haina nguvu ya kiuchumi ya kubeba timu tatu za ligi kubwa. Unaweza kumwacha mtu bila kumtukana. Rams walichagua kufanya yote mawili.

Mji ulishtaki. Novemba 2021 kesi ikamalizwa nje ya mahakama kwa dola milioni 790, fedha ambazo zingetosha kuujenga ule uwanja wa awali zaidi ya mara mbili. Kabla ya hapo, walipa kodi walikuwa wameendelea kwa miaka kulipa deni la jengo ambalo timu yake ilikuwa imeshaondoka.

Shimo la mita 30

SoFi Stadium uko kwenye njia ya ndege zinazotua uwanja wa kimataifa wa Los Angeles. Kwa kuwa haungeruhusiwa kwenda juu, uliteremka chini: wakachimba karibu mita 30, na mtazamaji anaingia juu akishuka kwenda kiti chake. Paa linapitisha mwanga. Katikati inaning'inia skrini ya duara lililorefuka, yenye uzito wa tani 1,000 hivi, ikionyesha picha pande zote mbili, ndani na nje. Gharama ilipita dola bilioni 5. Mechi ya kwanza, Septemba 2020, ilichezwa viti vikiwa vitupu kwa sababu ya korona. Nadhani hakuna jengo ghali kuliko hilo lililowahi kufunguliwa bila mgeni.

Timu nyingine ya jiji, Chargers, ni mpangaji humo kwa kodi ya dola moja kwa mwaka. Kwa bei hiyo mjini Los Angeles hupati hata kahawa. Lakini hesabu ya mwenye nyumba haiko kwenye kodi ya Chargers. Mechi zimeongezeka maradufu, na watu wanaokanyaga ardhi yake vilevile. Uwanja unakaa ndani ya eneo la karibu ekari 300 lenye ukumbi wa muziki wa viti 6,000, ofisi, nyumba za kupanga, maduka na ziwa la kuchimbwa. NFL yenyewe imehamishia humo studio zake za habari. Kampuni ya fedha ya SoFi inalipa zaidi ya dola milioni 30 kwa mwaka kuweka jina lake ukutani. Februari 2022 fainali ya Super Bowl ilichezwa hapohapo, na Rams wakawafunga Cincinnati Bengals 23 kwa 20. Kombe la Dunia la 2026 limeupangia uwanja huo mechi 8.

Somo la Inglewood lilirudi Denver haraka. Mwaka 2024 jiji liliiruhusu KSE kugeuza maegesho yanayouzunguka ukumbi wake, ambao sasa unaitwa Ball Arena, kuwa mtaa mpya wa maghorofa, maduka na makazi. Kwa upande wake kampuni iliahidi kwamba Nuggets na Avalanche watabaki hapo angalau hadi 2050. Ahadi ya kubaki, ile iliyovunja mauzo ya Sturm, safari hii iliambatana na ardhi ya kuifanyia kazi.

Kwa nini Arsenal?

Hapo ndipo Arsenal inanitatiza, maana haikai kwenye kanuni hii. Emirates imebanwa na reli na nyumba za watu, na Highbury, uwanja wa zamani wa 1913, klabu ilikwishaugeuza kuwa maghorofa ya kuishi. Hakukuwa na kiwanja cha kuendeleza. Kroenke alipoingia Aprili 2007, akinunua asilimia 9.9 kutoka kampuni ya televisheni ya ITV, mwenyekiti Peter Hill-Wood alionyesha waziwazi kwamba watu wa namna yake hawatakiwi pale. Miaka minne baadaye bodi ileile ilimuuzia. Mwezi Aprili 2011 alinunua hisa za Danny Fiszman, aliyefariki siku chache tu baadaye, na za Nina Bracewell-Smith, akavuka asilimia 62.

Nadhani alichonunua London ni haki za televisheni na muda. Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa inapanda bei kila mkataba, na klabu yenye uwanja mpya wa viti 60,000 ingepanda nayo hata mwenyewe akiwa amelala. Na kweli kwa miaka kadhaa alionekana amelala. Magazeti ya Marekani yalikuwa yameshampa jina la Stan Mkimya. Hakuingiza fedha za kusajili, wala hakujilipa gawio. Ila mwaka 2014 na 2015 kampuni yake iliitoza Arsenal pauni milioni 3 kila mwaka kwa kile kilichoitwa ushauri, na hasira za mashabiki zikapata namba ya kushika.

Mwaka 2018 alimaliza kazi. Alinunua hisa za Alisher Usmanov, bilionea wa Urusi aliyekuwa na asilimia 30 na kukosa hata kiti kwenye bodi. Akiwa amevuka asilimia 90, sheria ya Uingereza ilimruhusu kuwalazimisha waliobaki kuuza: pauni 29,419 na senti zake kwa hisa moja. Ni fedha nzuri, na wengi hawakuzitaka. Walikuwamo watu wenye hisa moja tu, waliyoishika kwa mapenzi na kwa sababu iliwaingiza kwenye mkutano mkuu kumhoji mwenyekiti uso kwa uso. Mkutano huo haupo tena.

Aprili 2021, Arsenal ilipotajwa kwenye Super League ya Ulaya iliyokufa ndani ya siku mbili, maelfu walijaa nje ya Emirates kabla ya mechi na Everton wakitaka Kroenke aondoke. Daniel Ek wa Spotify akajitokeza kununua. Familia ikajibu kwamba klabu haiuzwi. Tangu hapo wamefungua mkoba kwa namna ambayo kocha wao wa zamani Arsène Wenger hakuiona katika miaka yake ya mwisho. Declan Rice peke yake aliwagharimu pauni milioni 100 na nyongeza mwaka 2023. Mwanawe Josh ndiye anayeonekana zaidi Emirates siku hizi, na hasira zimepoa. Ushindi una tabia hiyo.

Huku kwetu mmiliki alikuwa jina la kulaumiwa kwenye vibanda umiza tu, si mtu wa kuandamania. Wapenzi wa Arsenal wa Jinja, Uganda, walipoingia barabarani Januari 2023 na jezi nyekundu na kombe la bandia, kusherehekea kuifunga Manchester United 3 kwa 2, polisi waliwakamata wanane kwa kuandamana bila kibali. Ligi ilikuwa bado ina miezi minne.

Lakini Afrika Mashariki imeingia kwenye vitabu vya KSE kwa mlango mwingine. Mei 2018 Rwanda ilinunua nafasi kwenye mkono wa jezi ya Arsenal, mkataba ulioripotiwa kuwa wa pauni milioni 30 kwa miaka mitatu, kisha ukaongezwa. Mwanzoni mwa 2025, waasi wa M23, wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, walipoiteka Goma, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia Arsenal, Paris Saint-Germain na Bayern Munich akizitaka ziachane na fedha za Kigali. Baadhi ya mashabiki wa London nao walikuwa wakidai hivyo. Novemba 2025 Arsenal ilitangaza kwamba mkataba hautaendelea baada ya msimu wa 2025/26.

Miezi miwili kabla ya tangazo hilo, Rwanda ilikuwa imesaini mkataba mwingine wa miaka kadhaa wa kujitangaza Marekani, na Los Angeles Rams pamoja na SoFi Stadium. Mwenye timu na mwenye uwanja ni Kroenke.